Cherehani ya Chumbani kwa Bibi

"Tunaomba kuiona hiyo cherehani," alisema Mzee Mayala, na kiti alichovutiwa hakukikalia.

Ilikuwa Jumapili, jua bado kali juu ya mawe ya mtaa wa Mabatini. Nyuma yake walisimama wanaume wanne wa mtaani kwetu, watu waliozoea kuniita mchumba kila nikitumwa dukani, na siku ile hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni. Mzee Mayala alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa pia mkubwa wa sungusungu, walinzi wa usiku wa mtaa. Akija kama balozi, anapiga hodi. Siku ile hatukusikia hodi.

"Imeharibika," baba alisema.

"Hata iliyoharibika huwa inaonekana."

Mama alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha bibi, mikono nyuma, kama mtu anayepumzisha mgongo tu. Mimi nilikuwa upande, nikaona alivyokikaba kile kitasa. Mle ndani bibi alikuwa anakohoa. Na cherehani haikuwemo. Haijawahi kuwemo.

Ngoja nirudi nyuma.

Mwaka ule, tisini na nane, mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha na Mwanza nzima ilikuwa inauza kitu. Vitu vya nje viliingia mjini kama kumbikumbi: redio, televisheni, baiskeli za gia, viatu vinavyowaka taa. Na kila kilichoingia mchana watu walikionea wivu mchana, usiku kikapita dirishani. Baba yangu, Masele, alikuwa fundi wa vyumba vya baridi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Ofisi ya pale ilipobadilisha vifaa, akapata kompyuta ya zamani. Aliileta nyumbani ndani ya gunia la mkaa, na juu yake kaweka mkaa wa kweli. Mama aligomba sana kuona vumbi jeusi kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki, halafu akaona kioo kinatokeza, akaenda kufunga mlango.

"Mtu akiuliza," baba alituambia, "ni cherehani."

Baba hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kushuku, na ukishuku watu wote uongo unakuja wenyewe. Alimshuku muuza maziwa kwa kuwahi sana. Alimshuku mbwa wa jirani kwa kutobweka. Kompyuta akaiweka chumbani kwa bibi, kwa sababu dirisha la bibi ndilo pekee lenye nondo, na ndani mlikuwa na soketi moja nzima. Bibi hakuulizwa. Alikunja tu miguu yake kitandani ili meza ipate kupita.

Aliyeleta mchezo wa ndege ni anko Clavery, rafiki wa baba, karani wa pale pale kiwandani. Mhaya wa Kamachumu, suruali imenyooka mpaka unaogopa kumgusa. Alizitoa disketi moja moja kutoka mfuko wa shati kama padri anatoa komunyo. Kompyuta ikala ya kwanza, ikakoroma, ikauliza swali kwa Kiingereza.

"Inataka kujua tuuweke wapi huu mchezo," Clavery alisema. "C au D?"

"Zina tofauti gani?"

"C ni sebule. Kila kinachoingia kinapita hapo. D ni kama chumbani."

"Weka chumbani."

"Masele, sebuleni kuna nafasi bwana."

"Sebuleni kila mtu anapita. Weka chumbani."

Clavery akacheka. "Nyie Wasukuma. Mpaka kwenye kompyuta mnaficha ng'ombe."

"Na nyie Wahaya mngeiweka barabarani, mkaitundikia na cheti cha shule."

Walibishana C na D mpaka chai ikaota ngozi juu. Clavery akasema D imejaa mafaili ya kiwanda, baba akasema yafutwe. Clavery akasema hayafutwi hivi hivi, baba akauliza kwa nini, yana nini humo. Mwishowe ikawa D. Nimefikiria sana siku ile. Wanaume wawili wazima wametokwa jasho wakitafuta mahali salama ndani ya lile boksi, na boksi lenyewe wameliweka mahali pabaya kuliko pote katika ule mtaa.

Bibi Ng'washi alikuwa mama yake baba. Aliletwa kwetu kutoka kijijini kwake ng'ambo ya ziwa, mbele kabisa ya mji wa Sengerema. Alikuwa na macho mekundu. Miaka arobaini ya kupikia mabua ya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha. Hakuna siri nyingine. Lakini kule mtu hahitaji siri nyingine ili aitwe mchawi. Mwenzake waliyekuwa wanachota naye maji tangu uanawali, mwenye macho kama yake, alikutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga. Walipotoka kumzika, kijana mmoja alimtazama bibi akasema kwa sauti, watu wakasikia, "Bado mmoja." Habari zilipomfikia baba, akapanda kivuko cha Kamanga siku hiyo hiyo, na aliporudi alivuka naye Kamanga, bibi na kibegi na kuku wake mmoja. Nyumba yake aliifunga kwa kamba.

Mtaani kwetu tulisema amekuja kutibiwa. Watu wa Mabatini walimwamkia shikamoo vizuri tu. Ila niliona wakinamama wakimsalimia huku wanawavuta watoto nyuma ya kanga.

Sasa mchezo wenyewe. Leo naubeba mchezo kama ule kwenye simu, nikiwa kwenye foleni ya maji natua Mwanza kwa kidole gumba, na mawe nayaona na mabati nayaona. Wakati ule Mwanza haikuwemo. Mlikuwa na ziwa, doa kubwa la bluu, na pembeni kijani kitupu kama kitambaa cha meza. Clavery aliingiza tarakimu fulani, ndege ikahamia ukingoni mwa bluu. Spika ilikuwa ndani ya boksi, haina kitufe cha kupunguza. Ilinguruma kama nyuki ndani ya mtungi.

Baba alirusha mara chache, akaanguka, akaona upuuzi. Mimi nilirusha, nikaanguka, nikarudia. Bibi alikuwa kitandani, anatazama kupitia kwapa langu.

"Hilo bluu ni nini?"

"Ziwa, bibi."

"Hili letu?"

"Ndiyo."

Akashusha miguu kitandani. Halafu akasema, "Mke mwenza, sogea."

Hakujua kusoma. Clavery alichukua rangi ya kucha ya mama akatia doa kwenye vitufe: huku pua inapanda, huku inashuka, huku kushoto, huku kulia. Bibi alivijua kwa siku chache. Alikuwa na subira ambayo sisi hatukuwa nayo. Alirusha ile ndege kama anavyokoroga uji, polepole, bila kubandua macho. Alipaa upande wa mji, akavuka bluu, akafika kijani cha ng'ambo. Pale akaanza kutafuta.

"Sengerema iko wapi humu?"

"Mama, waliochora hii ramani hawajafika Sengerema," Clavery alimwambia.

"Mimi nimefika."

Akahesabu moyoni mwake anavyojua yeye, toka ukingo wa maji kwenda ndani, akageuza kushoto kidogo, akasema, "Hapa." Palikuwa kijani kama kwingine kote. "Hapa ndipo kwangu. Kisima kiko huku." Akaishusha ndege pale. Mara za kwanza aliivunja. Baadaye akawa anaishusha mpaka inasimama, nzima, katikati ya kile kijani, na anakaa anakitazama muda mrefu kabla hajaniambia nizime.

Basi ikawa kila jioni nikitoka shule tunakwenda Sengerema. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, amri ya baba. Nje inasikika ile sauti ya nyuki, na sauti ya kikongwe inasema, "Sasa tunavuka maji. Usiogope. Nyumba ile pale."

Mama Suzana, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alileta gauni lipunguzwe pindo. Mama akamwambia cherehani imekatika mkanda. Akarudi baada ya wiki. Mama akamwambia sindano. Mama Suzana akakunja gauni lake taratibu, akauliza, "Cherehani mbovu ndiyo inaunguruma vile kila jioni?" Mama akacheka. Kucheka kwenyewe kulichelewa.

Kosa lenyewe lilitokea bombani. Nilikuwepo, nimeshika ndoo. Bibi alikuwa amechangamka siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwona. Mama Suzana akamwamkia, akamuuliza habari za kushinda, na bibi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa utani, akasema, "Nimechoka, mwanangu. Natoka Sengerema sasa hivi. Nimekuta nyumba yangu iko palepale."

Wanawake wa foleni walijua hajavuka Kamanga. Alikuwa amevaa ndala za bafuni.

Hakuna aliyecheka. Bibi akachukua ndoo yake akaondoka, nami nyuma yake, na niliposikia foleni inaanza tena kuongea, waliongea chini chini.

Wiki iliyofuata habari ikavuka na kivuko: yule kijana aliyesema "bado mmoja" amekufa. Malaria ilimpanda kichwani. Kwetu sisi ilikuwa malaria. Kwa mtaa ilikuwa ni jibu.

Ndipo nyumba yetu ikabadilika. Tulipopita watu walikaa kimya, tukishapita tunasikia migongoni. Watoto waliokuwa wanakuja kucheza rede uani kwetu waliitwa kwao, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Mama aliuchukua ungo wetu wa kupepetea mchele akauficha juu ya dari, na akanikataza kumuuliza kwa nini. Asubuhi moja tulikuta majivu yamemwagwa mstari mbele ya mlango. Baba alisema ni wezi wanapima kama tuna mbwa.

"Masele," mama alimwambia, "hao si wezi."

"Wanajua kuna kitu ndani. Wanakitaka."

"Wanamtaka mama yako."

Baba aliongeza kufuli.

Kwa hiyo Jumapili ile, Mzee Mayala aliposimama ukumbini na wale wanne, kila mmoja mle ndani alikuwa anaogopa kitu chake. Baba aliogopa kuumbuliwa, aonekane alimdanganya balozi, na mtaa ujue anacho nini. Mama aliogopa kile ninachokiogopa mimi mpaka leo nikikumbuka. Anko Clavery alikuwepo pia, alikuja kula chakula cha mchana, ameshika kijiko cha wali na hajui akirudishe sahani au akipeleke mdomoni.

"Mzee," baba alisema, "chumba cha mzazi wangu. Unaniambia niingize wanaume chumbani kwa mama yangu?"

"Ndiyo maana nimekuja mchana," Mayala alijibu. Aliongea kwa upole kabisa. "Wengine hawataki kuja mchana."

Hapo baba alielewa. Niliuona uso wake unaelewa. Lakini mdomo ulikuwa umezoea njia yake. Akaanza, "Cherehani yenyewe…"

Kitasa kikazunguka nyuma ya mama. Bibi akatoka, kanga amejifunga kifuani, akamwamkia Mayala kwa Kisukuma, naye Mayala kwa mazoea akaitikia. "Mhola, mayu." Salama, mama. Wale wanne wakarudi nyuma hatua.

"Masele, kitoe nje hicho," bibi alisema. "Barazani. Watu wakione."

Baba na Clavery wakakibeba. Waya ulivutwa kutoka chumbani ukapita ukumbini mpaka barazani, meza ikawekwa, kioo kikawaka hafifu kwa sababu ya jua, mama akakifunika kwa kitenge kama mwavuli. Kufikia hapo uwanja wetu ulikuwa umejaa. Sijui waliitwa na nani. Mama Suzana alikuwa mbele, Suzana mwenyewe mgongoni. Nyuma kabisa kulikuwa na vijana nisiowajua, na mmoja wao ameshika kitu ndani ya gazeti.

Clavery akaeleza. Alieleza vizuri, kama mwalimu: hii ni kompyuta, huu ni mchezo, Wazungu wanawafundishia marubani, ndege haitoki humu, ni picha. Nyuki wakaanza kuunguruma ndani ya boksi, watu wakashtuka, halafu wakaona sauti inatoka wapi. Mzee Mayala akakalishwa. Akabonyeza, ndege ikakimbia, ikapaa kidogo kama kuku, ikajipigiza chini. Kioo kikapasuka pasuka, kwenye picha tu. Kikapita kicheko, cha kwanza kwa siku nyingi kwenye uwanja wetu.

"Balozi umetuua wote," mtu alisema.

"Basi na mimi mmenizeesha kwa sungusungu, sijasomea ndege," Mayala akajibu, na mwenyewe akacheka. Nikaona mabega ya mama yanashuka. Nikafikiri yamekwisha.

Ndipo Clavery, kwa furaha, kwa kutaka kupamba, akasema, "Sasa mwoneni rubani wetu. Huyu mama hajui hata herufi moja, lakini anarusha kuliko mimi. Anatua bila kutikisika."

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Nyuma, mmoja wa wale vijana akauliza, bila kupaza sauti, "Hajui kusoma. Amejifunzia wapi kuruka?"

Clavery aligeuka kumtafuta aliyeuliza. Bibi alikuwa ameshavutwa kwenye kiti. Mama Suzana alisema, "Tuone, bibi," na sikuweza kujua kama ni utani.

Bibi akaweka vidole kwenye madoa mekundu. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Ilinyanyuka vizuri mno. Ilipita juu ya bluu imenyooka kama meza, haipandi haishuki, na uwanja wote ukawa unasikia nyuki tu. Mtu mmoja akapiga ishara ya msalaba. Nilikuwa nimesimama begani kwa bibi, kwa hiyo niliona alichokuwa anakiona kwenye kioo, maana kioo kile ukikitazama kwa upande, chini ya kitenge, kinaonyesha walio nyuma yako. Aliona nyuso. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama ziwa.

Ng'ambo ikatokea. Kijani. Akageuza kushoto kidogo, palepale pake, na ndege ikaanza kushuka, polepole, kama siku zote. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta pumzi ya kutua. Ilibaki avute pua juu, doa la chini, kitu alichokifanya jioni ngapi sijui. Kidole chake kikakaa juu ya doa lile. Kikaliacha. Kikaenda kwenye la juu, la kushusha, kikakandamiza.

Ndege ikaingia ardhini kwa pua.

"Aaah, bibi," uwanja mzima ukaguna, halafu ukacheka. Kicheko kikubwa, cha watu walioshusha mzigo. Clavery hakucheka. "Mama, umekosea kitufe," alisema. "Kulikoni?"

"Macho, mwanangu," bibi alisema, akageuka kwenye kiti ili wote wayaone. Akayafikicha kwa ncha ya kanga. "Macho haya yameliwa na moshi. Hayaoni kitu. Mnanikalisha hapa watu wanicheke."

"Pole, bibi," Mama Suzana alisema. Alikuwa anacheka mpaka anashikilia bega la bibi asianguke, na ule mkono ukabaki pale begani baada ya kicheko kwisha. Mzee Mayala alivaa kofia yake. Akamwambia baba, kwa sauti ya kutosha wote kusikia, kwamba mtu mwenye kitu kizuri akionyeshe kwa jirani, kinyume chake ni kujitafutia balaa. Wale vijana wa nyuma waliondoka kabla yake. Kile cha kwenye gazeti sikukiona ni nini.

Kompyuta haikurudi chumbani. Baba aliiweka sebuleni, dirisha la barabarani wazi, na watoto wa Mabatini nzima walipanga foleni kuanguka humo. Clavery akasema kwa kuwa sasa ni ya wote, auhamishie mchezo C. Baba akamwambia afanye atakavyo.

Siku moja mama alikwenda sokoni na watoto wengine walikuwa hawajatoka shule, mimi nimerudi mapema. Bibi alikuwa barazani anamenya viazi. Nikamwambia, "Bibi, hakuna mtu. Twende."

"Dirisha liko wazi."

"Nitalifunga."

"Ukilifunga ndipo watakapochungulia," alisema, akachukua kiazi kingine. "Nenda wewe. Mimi nasikia."

Nikaenda. Nikapaa, nikavuka maji, nikafika ng'ambo. Kijani kilikuwa sawa kila mahali, hakina kisima, hakina nyumba iliyofungwa kwa kamba. Nikazunguka, nikazunguka. Nilitaka nimuulize ni wapi, lakini ningelazimika kupaza sauti, na dirisha lilikuwa wazi.